Spea ya Pili: Itakaa Wapi, na Nani Ataishusha?

Hotuba kwa madereva wa magari ya utalii, Arusha, kabla ya msimu kuanza

Ndugu madereva, mafundi, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi.

Naanza na swali, na jibu lake kila mtu abaki nalo moyoni. Spea iliyofungwa nyuma ya gari lako, mara ya mwisho kushuka chini ilikuwa lini? Sisemi kuangaliwa, wala kupigwa teke kuonja upepo. Nasema kushuka, ikafungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, gari likatembea nayo. Kama hukumbuki, basi una mzigo wa kilo 35 unaofanana na spea.

Nililokuja kusema ni hilo tu, na mengine yote yanatokana nalo. Spea ni tairi ambalo dereva mmoja, kwa vifaa vilivyomo garini, anaweza kulishusha, kulifunga na kuondoka kabla jua halijazama. Likishindikana kushuka, au nati zake zikakataa, au upepo ukawa umeisha, hata ukibeba manne utalala porini.

Tuanze na idadi. Land Cruiser nyingi za utalii hapa kwetu, zile zilizorefushwa na kukatwa paa, hubeba spea mbili mgongoni, na wapo wageni wanaodhani ni urembo. Kwa safari ya Arusha kwenda Tarangire na kurudi, spea moja nzima inatosha. Ya pili ni dizeli unayoichoma bure. Lakini ukishuka Mto wa Mbu kuelekea Engaresero, ukapita chini ya Ol Doinyo Lengai, ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Loliondo, hesabu inageuka. Mawe ya volkano yana makali, na yanakata tairi ubavuni. Mwiba wa mgunga ukitoboa kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga ardhi, unaziba kwa uzi wa pancha ndani ya dakika kumi na safari inaendelea. Ubavu ukichanika hakuna uzi utakaoshika, kwa sababu sehemu ile hujikunja na kujinyoosha kila tairi linapozunguka. Hapo porini tairi limekufa. Ukishafunga spea yako ya kwanza, kuanzia dakika ile unatembea huna akiba, na mbele yako kuna mawe yaleyale. Spea ya pili ni ya kipande hicho cha safari.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wameisahau: spea moja kamili, na tairi la pili tupu bila rimu, pamoja na tyubu mbili. Unaokoa uzito wa rimu nzima ya chuma, na tairi tupu linalala popote. Ila njia hii ni ya mtu anayejua kutoa tairi kwenye rimu kwa mikono, mwenye vyuma viwili vya kupandulia vya sentimita 60 na maji ya sabuni. Kama hujawahi kufanya hivyo, usijifunzie Ziwa Natron saa saba mchana.

Wenye rimu za pete, zile za 7.50R16 zenye tyubu na flapu (utepe wa mpira unaoikinga tyubu) ndani, kazi yenu ni rahisi kidogo, na ina hatari yake. Pete ya kufungia ikiruka, inaua. Toa moyo wa valvu na uhakikishe upepo wote umekwisha kabla hujaigusa pete. Wakati wa kujaza, anza na psi (kipimo cha upepo) 5 au 10, gonga pete pande zote uone imekaa kwenye mfereji wake, kisha laza tairi upande wa pete ukitazama chini, au lisukume chini ya chesisi, pitisha mnyororo kwenye matundu ya rimu, na usimame mbali kadiri mpira wa pampu unavyofika. Usiiname juu yake kusoma geji.

Sasa, kufanana. Spea ifanane na matairi manne yanayotembea, kwanza kwa matundu ya nati. Land Cruiser 75 ya zamani ina nati 6. 78 na 79 zilizoanza mwaka 1999 zina 5. Prado na Hilux 4x4 zina 6. Defender ya zamani ina 5 kama Land Cruiser 78, ila duara la matundu yake ni milimita 165.1 na la Toyota ni 150, kwa hiyo haziingiliani. Mkiwa msafara wa magari matatu, hesabuni matundu na kupima kabla hamjasema "tutaazimana".

Pili, kimo. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi. La 265/70R16 lina 777. Rimu ni inchi 16 kwa yote mawili, na dukani utaambiwa "yanaingia". Kuingia yanaingia. Lakini kila mzunguko mmoja, dogo linabaki nyuma sentimita 9, na hiyo tofauti inailazimisha difu, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kufanya kazi bila kupumzika. Ukiweka 4x4 kwenye lami ukiwa na tairi la namna hiyo, kitu fulani kwenye gia boksi au shafti kitalipa. Ukilazimika kabisa, na gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, tairi la kimo tofauti lifungwe mbele, na 4x4 uiguse kwenye tope au mchanga tu, ambako matairi yanaweza kuteleza. Lililopasuka likiwa la nyuma, toa zima la mbele ulipeleke nyuma, kisha dogo liende mbele. Ndiyo, ni kazi mara mbili.

Dawa ya haya yote ni kuingiza spea kwenye mzunguko. Kila kilomita 10,000 unapobadilishana matairi, spea nazo ziingie zamu. Zote zitaisha pamoja, na zaidi ya hapo, utakuwa umezishusha.

Tatu ni nati, na hapa wengi hunaswa. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye wosha bapa. Rimu ya chuma hutaka nati yenye ncha ya mviringo iliyochongoka, inayojikita kwenye tundu. Gari linatembea na aloi, spea ni ya chuma. Baadhi ya nati za kiwandani zimechongwa zikae kwenye rimu zote mbili, nyingi za dukani hazikuchongwa hivyo. Nati bapa kwenye tundu la mviringo itakaza ukaona mambo safi, na baada ya kilomita 20 itaanza kulegea. Jaribu gereji. Zikikataa, weka seti ya nati za chuma kwenye mfuko na uufunge kwenye spea yenyewe, usizitupe kwenye dashibodi. Na kama gari lina nati ya kufuli, ufunguo wake ukae kwenye mfuko huohuo.

Tuje sasa mahali pa kuibeba, maana hapo ndipo gari linapoumia.

Chini ya gari ndipo pazuri kwa uzito: chini, katikati, hapaharibu usukani. Lakini mnyororo wa kushushia unakula tope na vumbi kila siku, na usipoguswa kwa mwaka mmoja unaganda. Kila mwezi ushushe mpaka chini, usugue kwa brashi, utie oili, uupandishe. Jambo la pili halifikiriwi mpaka siku yenyewe: tairi la nyuma likiisha upepo, gari linalala, na spea iliyo chini ya bampa haipati nafasi ya kutoka. Inabidi upige jeki kwanza, ndipo ushushe spea. Kwenye tope utachimba. Na mkipita makorongo mara kwa mara, jiwe litaigonga spea kabla halijagonga kitu kingine.

Mlango wa nyuma ndio desturi yetu, na ndio unaoleta kesi nyingi gereji. Mlango ni bati lililokunjwa. Ulitengenezwa kufunguka na kufungwa, labda na spea moja nyepesi. Ukiutundikia tairi la 7.50R16 na rimu ya chuma, kisha ukaupitisha kwenye barabara iliyojikunja kama bati la paa, saa tatu mfululizo, bawaba zinavutwa maelfu ya mara. Ufa huanza kama unywele kwenye kona ya bawaba ya juu. Jioni, kabla hujaosha gari, pitisha tochi hapo: utaona vumbi limejipanga kwenye mstari ambao jana haukuwepo. Ukiosha kwanza, umeufuta ushahidi.

Kinachofaa ni mkono wa chuma unaobebwa na chesisi, siyo na ngozi ya bampa, wenye egemeo lenye chuchu ya grisi na komeo linalobana bila kucheza. Ukisikia mlio wa kugongagonga nyuma, simama. Komeo linalocheza milimita mbili asubuhi litacheza sentimita moja jioni. Angalia pia stadi (boliti) tatu zinazoishika spea: zikilegea, matundu ya rimu yanasuguliwa mpaka yanakuwa na umbo la yai, na siku ukiitaka rimu ile kwenye habu haitakaza tena. Spea imeuawa na kibebeo chake.

Uzito nao tuuhesabu, kwa sababu watu husema "ni kilo chache tu". Spea mbili za kilo 35 ni 70. Weka mikono yake ya chuma, tuseme 45. Jumla 115. Chukua Land Cruiser 78 isiyorefushwa: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,980. Mzigo huo unaning'inia kama mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 115 kwa 1.3, gawa kwa 2.98: unapata 50. Kilo 50 zimeondolewa kwenye matairi ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba 165 badala ya 115. Usukani unakuwa mwepesi kwenye changarawe, taa zinatazama matawi, na springi za nyuma zinavunjika kabla ya wakati wake. Kisha mtu anaongeza madumu mawili ya dizeli kwenye mikono hiyohiyo. Kama ni lazima spea mbili zikae nyuma, basi madumu, betri ya pili na sanduku la zana visogee mbele ya ekseli ya nyuma.

Juu ya keria tairi halimsumbui mtu mpaka siku ya kulishusha. Kilo 35 zikiwa juu ya paa huinua uzito wote wa gari, na kwenye mteremko wa pembeni gari linajiegemeza zaidi. Ukiweka juu, laza tairi, lisisimame. Pitisha boliti ndefu yenye sahani ya chuma katikati ya rimu, ikamate vyuma vya keria kwa chini, kisha mkanda mmoja wa kukazia kama tahadhari. Mikanda pekee hulegea kwa mtikisiko. Kushusha: kamba ipite kwenye tundu la rimu na izungushwe kwenye chuma cha keria, mtu mmoja juu anaiachia polepole, wa pili chini anaelekeza akiwa pembeni, asisimame chini yake. Msiliangushe. Tairi lenye upepo likidondoka kutoka mita mbili hudunda, na halichagui linakodundia. Halafu jua: mpira wa juu ya paa hukauka na kupasuka nyufa hata kama haujatembea kilomita moja, kwa hiyo ulivalishe turubai.

Ndani ya gari, nyuma ya viti, ni salama kwa tairi na hatari kwa watu, isipokuwa limefungwa kwa boliti kwenye sakafu. Na kuhusu boneti, kama Land Rover za zamani, nitasema tu kwamba kila asubuhi ya kukagua oili utajuta.

Upepo. Spea ijazwe zaidi ya tairi lolote linalotembea, kwa sababu porini kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Kwa 7.50R16 ya mizigo, psi 50 ni sawa, ili mradi huvuki namba iliyoandikwa ubavuni. Ipime kila wiki. Na ufunge spea valvu ikitazama nje. Spea mbili zikipachikwa zikitazamana, valvu ya ndani haifikiki na hakuna atakayeipima. Kuna vipande vya mpira vya kurefusha valvu, bei ndogo, vinamaliza tatizo hilo.

Umri pia usomwe. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi husema tairi lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa, spea ikiwemo, hata kama meno yake ni mapya. Mimi kwa barabara zetu na jua letu nisingeusubiri mwaka wa kumi.

Sasa jeki, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Jeki ya chupa ya tani 4 ikiwa imelala ina kimo cha sentimita 20 hivi. Tairi likiisha upepo kabisa, gari linakalia rimu, na chini ya ekseli hubaki nafasi ya sentimita 20, pengine pungufu. Ardhi laini inataka ubao chini ya jeki, wa sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 5. Jumlisha: jeki na ubao ni 25, nafasi ni 20. Haingii. Dereva aliyejaribu jeki akiwa na tairi zima gereji hakuliona hilo. Jibu lake ni moja kati ya matatu: usogeze gari taratibu tairi bovu lipande juu ya jiwe bapa au ubao wa pili, au uchimbe shimo la jeki, au uinue kwanza kwa chesisi kwa jeki ndefu kisha uweke jeki ya chupa chini ya ekseli. Msiache gari likining'inia kwenye jeki ndefu peke yake mkiwa mnafanya kazi, inateleza.

Wenye Defender za zamani mna la ziada. Hendibreki yenu inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile lizunguke na gari litembee, hendibreki ikiwa juu. Funga difu ya katikati kabla ya kuinua, na uweke mawe mbele na nyuma ya tairi lililo upande wa pili. Mawe ni kwa magari yote, lakini kwenu ndiyo uhai.

Mpangilio wa kazi mnaujua, nitagusa panapokosewa. Nati zilegezwe nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Spea ilazwe chini ya chesisi wakati unatoa tairi bovu, ukilitoa mnabadilishana: bovu linaingia chini, zima linatoka. Jeki ikianguka, gari litakalia tairi, halitakalia mguu wako. Spea ikiwa nzito kuinua, usipandishe gari zaidi. Chimba kidogo chini, uisukume kwa ncha ya kiatu au uiinue kwa koleo kama wenzo. Uso wa habu na mgongo wa rimu vifutwe kwa kitambaa kikavu. Punje za mchanga zikibaki hapo katikati zinasagika njiani, na nati ulizokaza kwa nguvu zako zote zinakuwa na nafasi. Usipake stadi grisi: nati itateleza, utakaza kupita kiasi, stadi itakatika.

Kaza kwa kurukia nati ya upande wa pili, kamwe msizungushe duara. Land Cruiser ya nati 5 yenye rimu ya chuma inataka nguvu ya Nm (nyutonimita, kipimo cha kukaza) 209, ya aloi 131. Kama huna spana ya kupimia, spana yenye mkono wa nusu mita ikiegemewa kwa kilo 40 mwishoni inatoa karibu Nm 200. Hupandi juu yake kwa miguu miwili. Kisha baada ya kilomita 50, simama, kaza tena.

Hifadhini mambo hubadilika. Hakuna kushuka hovyo, na pancha haichagui mahali. Ikitokea kwenye kichaka kizito, ita wenzako kwa redio, na usogee polepole mpaka uwazi, hata kama tairi litaharibika. Tairi linanunuliwa. Gari la pili lisimame upande wa kichaka, mtu wake asiangalie nati zako, aangalie nyasi. Wageni wakibaki ndani wakae chini, wasisimame kupiga picha paa likiwa wazi. Kwenye maeneo ya mbung'o, shati la bluu iliyokolea au jeusi linawaita, vaa kaki.

Mkishabeba tairi lenye pancha, msikawie kuliziba. Kijiji cha kwanza chenye fundi, hata kama ni kijana mwenye pampu ya mkono na kopo la solusheni, simama uzibe. Madereva wengi hujiambia wana ya pili, wakasubiri Wasso, wakasubiri Karatu. Ubavu uliochanika kidogo unaweza kupewa kiraka kinene kwa ndani na tyubu ikawekwa, baada ya kupapasa ndani kwa kitambaa kuondoa miba. Utatembea na tairi hilo kilomita 40 kwa saa kufika mjini. Hilo ndilo lirudi mgongoni kama spea ya mwisho, na uliandike kwa chaki.

Maswali tutayachukua nje. Kuna Land Cruiser imeegeshwa chini ya mwarobaini, tairi la nyuma kulia limetolewa upepo wote, spea mbili ziko kwenye mikono yake na kufuli zake zimefungwa. Funguo ziko garini, sisemi wapi. Wawili wawili, na saa inahesabu kuanzia mtakapofungua mlango.